Mama Aliyekataa Sanduku Lililofungwa

Abuna Yuannis kasisi wetu, mashemasi, ndugu wa ukoo wa Bishai na wa Tawadros, majirani wa Nazlat Sarabamun, na ninyi mliotoka mbali mkalala kwa watu, tukae, na wale wanaosita pale mlangoni wachague kuingia au kutoka, maana mlango unafungwa sasa na hautafunguliwa mpaka historia hii isomwe iishe. Familia haikuagiza hivyo kwa sababu ya vumbi. Marehemu mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, mbele ya binti yake na ya kasisi, aliagiza maisha yake yasomwe yote bila kurukwa neno, na msomaji aliyepewa kazi hii, mtoto wa dada yake, alijaribu kuikwepa akashindwa, kwa hiyo akikosea mstari msimcheke.

Tangu asubuhi mnanong'ona, na tumewasikia. Mnajua kwamba wanaume wa Kom al-Tarfa, kijiji cha Waislamu kilicho kaskazini yetu, wamesimama kivukoni, pale pale ambapo jeneza hili litapita kwenda makaburini ng'ambo ya mto, hawasemi na mtu, wamepelekewa kahawa wakaikataa, wana majembe, na nyuma ya gari lao kuna kitu kirefu kimefunikwa blanketi. Wengine wenu mmeshauri tuzike kesho, wengine mmeshauri tuwaite askari. Sikilizeni kwanza, kisha kila mmoja aamue kama atatoka nasi au atabaki humu ndani.

Labiba Bishai Awadallah alizaliwa tarehe 3 Novemba 1941 hapa Nazlat Sarabamun, mtoto wa nne wa Bishai Awadallah, mfanyabiashara wa mayai, na mkewe Hanuna, akabatizwa katika kanisa hili hili, akachanjwa msalaba kwenye kifundo cha mkono wa kulia kama sisi sote, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba watoto wengine walililia sindano lakini Labiba aliuliza mbona msalaba wake umekaa upande. Alisoma shule ya kanisa chini ya Mwalimu Fanus, kipofu aliyezijua nyimbo za mwaka mzima kwa moyo, na wa rika lake wanasimulia hadi leo kwamba siku moja, Mwalimu akieleza habari za Pasaka, Labiba alisimama akauliza, "Mwalimu, nani alimwona Bwana akitoka kaburini?" Mwalimu akamjibu kwamba hakuna aliyemwona akitoka, walikuta kaburi liko wazi, baadaye wakamwona yeye mwenyewe. "Kwa hiyo walichungulia ndani?" "Walichungulia, we binti, wakaingia kabisa." "Basi sawa," akasema Labiba, akakaa chini, na Mwalimu akacheka mpaka akakohoa, akasema huyu akikua atawasumbua makasisi, na kweli alipatia.

Aliacha shule mwaka 1952 baada ya darasa la nne, macho ya baba yake yalipoanza kufifia, akaichukua kazi ya mayai na kuifanya kwa zaidi ya miaka hamsini, akizunguka na punda na matenga kwenye vijiji vya Wakristo na vya Waislamu bila kubagua, akiingia hadi uani ambako mwanaume mgeni haingii, akinunua yai kwa yai, na kila yai akilimulika kwanza mbele ya taa ya mafuta aliyoifunika kopo lenye tundu, akilizungusha polepole ajue kama ni zima au ni viza. Wanawake walimzoea wakamtania kwa jina la mwanawe, "Mama Wadia, hata kuku akitaga mbele ya macho yako utamulika?" naye akajibu, "Kuku namwamini, jua ndilo nisiloliamini," na kazi ikaendelea. Wapo waliomwita mbishi. Hakuwa mbishi, alitaka tu kuona, na akishaona alikuwa mwepesi wa kuridhika kuliko wengi wetu.

Tarehe 17 Januari 1960 alifunga ndoa na Zakhari Tawadros, seremala, mwanaume mpole, asiye na maneno mengi, ambaye akishatoa neno lake amelitoa, na sifa hiyo iliyomletea heshima maisha yake yote ndiyo iliyokuja kuwatesa wote wawili. Walijaliwa watoto wawili, Wadia, aliyezaliwa mwaka 1964, na Nargis, aliyezaliwa mwaka 1968 na aliye hapa mbele yetu. Wadia alikuwa mtundu wa kupindukia. Akiwa na miaka tisa alipanda mnara wa njiwa wa jirani kuiba makinda, akaanguka, akavunjika mguu wa kushoto chini ya goti, fundi wa mifupa akaufunga, ukaunga vibaya, ukabaki na kinundu kwenye muundi, na majira yale yote ya baridi mama yake alikikanda kwa mafuta ya moto kila jioni, akimkaripia na kumbusu, akimkaripia na kumbusu.

Februari 1987 Wadia alikwenda Iraki kama vijana wengi wa wakati ule, akapata kazi ya kupaka rangi majengo, akawa anatuma salamu kupitia kila aliyerudi, kisha katikati ya mwaka 1989 salamu zikakatika. Wengine wakaanza kurudi ndani ya masanduku. Leo kilio kilisikika kijiji hiki, kesho kile, na Labiba akiwa njiani na matenga yake alikuwa akisikia vilio kutoka mbali, akageuza punda, akapita njia nyingine, hata kama njia hiyo haikuwa na kuku. Tarehe 14 Novemba 1989 ikawa zamu yetu. Lilikuja sanduku la bati, limechomelewa pande zote, jina la Wadia limeandikwa juu kwa rangi, pamoja na karatasi iliyosema ajali, ajali gani hakuna aliyeandika, na ofisa aliyelikabidhi uwanja wa ndege, mtu ambaye jina lake hatukulijua, alimtaka Zakhari aape kwanza kwamba sanduku halitafunguliwa, kwa sababu za afya, alisema, na Zakhari akaapa, kwa kuwa bila kiapo asingepewa mwanawe.

Lilipofikishwa nyumbani Labiba hakulia. Alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akasema, "Fungueni." Zakhari akamwambia, "Nimeapa, Mama Wadia." "Umeapa wewe, mimi sijaapa, nileteeni mkasi wa bati." "Nimetoa neno langu, mwanamke!" "Na mimi nilitoa mtoto, Zakhari, nani ananirudishia?" Wanaume wakamshika mikono, ndiyo, wengine wenu mpo hapa na mnaangalia chini, mlimshika kwa huruma, hatusemi vinginevyo, lakini mlimshika, na sanduku likavushwa mto, likaingizwa katika kaburi la ukoo wa Tawadros chini ya mlima, mlango ukajengewa matofali.

Desturi yetu mnaijua, kwamba siku ya tatu kasisi huja nyumbani, husali, hunyunyiza maji, na mkeka wa msiba waliokuwa wameukalia wanawake hunyanyuliwa, ili roho ya marehemu iiage nyumba na waliobaki waanze tena kuishi. Abuna Yuannis, ambaye wakati ule ndevu zake zilikuwa nyeusi, alikuja na maji yake, akamkuta Labiba amekaa katikati ya mkeka na hana dalili ya kunyanyuka. Akambembeleza, akamwambia, "Dada yangu, unaamini kwamba Kristo amefufuka, wala hukuwepo, umeambiwa tu, sasa mbona huamini unachoambiwa kuhusu mwanao?" Labiba akamjibu, "Baba, usinichanganyie mambo. Wale wanawake walikuta jiwe limeviringishwa, wakaingia, wakatazama. Tomaso alitaka kugusa, Bwana hakumfukuza, alimnyooshea mkono. Mimi mmenifungia bati, mmenishika mikono, halafu mnaniambia niamini. Ni imani gani hiyo inayoogopa mkasi?" Abuna akaondoka na maji yake, naye hafichi, yupo hapa na anatikisa kichwa.

Mkeka ukabaki pale pale, mwaka ukaingia mwaka ukatoka, na watu wakaanza kuiogopa nyumba. Roho haijaagwa, walisema, inazunguka humo humo. Wajawazito walikatazwa kupita mbele ya mlango ule, mayai ya Labiba yakawa yanakataliwa na baadhi ya majirani zake wa karibu kabisa, wenye kumwita Mama Wadia wakaacha kumwita hivyo, na Zakhari akaanza kukonda bila ugonjwa. Mume na mke walikula sahani moja, wakalala chini ya paa moja, na jina la mtoto wao halikutajwa kati yao hata mara moja. Ilikuwa nyumba nzito, jamani, mtu ukiingia unatamani kutoka kabla hujakaa.

Zakhari alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 9 Januari 1997, kaburi likafunguliwa ili azikwe, na waombolezaji walipoondoka Labiba alibaki nyuma na Nargis, na Abuna Yuannis, na Ami Ghali aliyekuwa mlinzi wa makaburi, Mungu amrehemu, kisha akachomoa mkasi wa bati kutoka chini ya shela yake. "Mwenye kiapo amekwenda kwa amani, na kiapo chake nimekiheshimu mpaka mwisho," alisema, "nanyi nimewataka mbaki kwa sababu jambo la namna hii shahidi mmoja hatoshi." Ami Ghali akakata bati, mchana kweupe, jua likiingia mlangoni mwa kaburi. Labiba akapiga magoti, akaingiza mkono, hakuutafuta uso, uso haukuwepo tena, akaenda moja kwa moja kwenye mfupa wa muundi wa kushoto, akaupapasa juu hadi chini, akaurudia, akaupapasa na wa kulia, yote miwili ilikuwa imenyooka, laini, haijawahi kuvunjika. Akaendelea kupapasa kama mtu aliyedondosha sindano. "Si yeye," akasema mwishowe. "Huyu si Wadia." Na kwenye masalia ya mfuko wa suruali Ami Ghali akaokota tasbihi ya kokwa za zeituni, tasbihi ya Kiislamu, akaiinua juu, na Abuna Yuannis akasema, "Irudishe. Funika. Kwa jina la Msalaba, funikeni."

Sasa mnaelewa kwa nini mlango umefungwa. Tulikuwa tumemlaza kijana wa Kiislamu katika kaburi la Kikristo, tukamsomea sala zetu, tukamwita kwa jina la mtoto wetu, na miaka ile mnaikumbuka, mnajua nyumba zilizochomwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Wote wanne walikubaliana kunyamaza. Nargis, aliyekuwa bado na damu ya ujana, alimshika mama yake mabega njiani akasema, "Mama, hayumo! Wadia hayumo kaburini, yu hai!" Labiba akamjibu maneno ambayo Nargis hajayasahau, "Mwanangu, Mariamu alikuta kaburi tupu, akafanya nini? Alilia. Alidhani wamemwiba. Kaburi tupu linakwambia tu kwamba hapa hayupo, basi. Mpaka atokee mtu aseme amemwona."

Akaanza kumtafuta mtu huyo. Aliwaza hivi, kwamba kama kijana wa watu aliletwa kwake, basi wake alipelekwa kwa watu, na mahali fulani katika bonde hili kuna mama mwenye sanduku la pili. Alikuwa na punda wake na taa yake, na hakuna mlango uliofungwa kwa mama wa mayai, kwa hiyo kila uani alipokaribishwa chai aliuliza kijuujuu, kama wanawake wanavyoulizana habari za misiba, nani hapa aliletewa mtu wake kutoka Iraki mwaka ule. Minong'ono ikaanza kumfuata. Katika kijiji kimoja mwanaume alimshikia punda hatamu akamwambia, "We mama wa mayai, maswali yako yamekuwa mengi kuliko mayai yako. Yatakufikisha pabaya." Aliporudi nyumbani siku ile Nargis akamsihi aache, naye akapumzika siku mbili, akatoka tena.

Oktoba 2000 aliingia uani kwa Hajati Nabawia, mjane, pale Kom al-Tarfa. Hajati alileta bakuli la mayai, Labiba akawasha taa, akainua yai la kwanza, mkono wa gauni ukateremka, na Hajati akaukodolea macho msalaba uliochanjwa. "Ninyi wote mnachanjwa huo?" aliuliza. "Wote." "Na wavulana?" "Na wavulana, kwani vipi, Hajati?" Hajati akawatuma wakaza wanawe juu ya paa wakalishe mabata, akafunga mlango, akasema, "Mwaka ule nililetewa sanduku. Walitukataza kulifungua, lakini sisi maiti wetu hazikwi bila kuoshwa, kwa hiyo tulilifungua saa ile ile. Mume wangu na kaka yake walimwosha, wakatoka wamebadilika nyuso, nami nikaingia kwa nguvu kumbusu mwanangu Shahat. Hakuwa Shahat. Alikuwa na huo hapo mkononi." Mumewe alikuwa amewaamuru wanyamaze, alisema, kwa sababu wakisema watanyang'anywa huyu na Shahat hawatapewa, na watoto wao wengine hawakuambiwa, walilelewa wakijua ndugu yao yupo pale makaburini kwao.

Labiba aliendelea kulizungusha yai lake mbele ya taa, bila kukubali bado. Kila mtu katika bonde hili anajua kwamba Mkristo ana msalaba mkononi, alieleza baadaye, na jambo linalojulikana na kila mtu mtu anaweza kulitunga. Aliuliza tu, "Ulimwona mkono peke yake?" Hajati Nabawia akasema sanda ilikuwa haijafika miguuni, kisha akainama, akajigusa muundi wake mwenyewe, wa kushoto. "Hapa alikuwa na kinundu," akasema. "Kama yai la njiwa. Nilikigusa. Nikajiambia, maskini, huyu naye kuna mtu alimkanda." Lile yai likamponyoka Labiba, likapasuka sakafuni, na wanawake wale wawili wakashikana wakalia kwa kuziba midomo, ili wale wa juu ya paa wasisikie. Ndipo naye akamweleza habari za mifupa iliyonyooka na tasbihi ya kokwa za zeituni, na Hajati akauliza kama kokwa moja imepasuka, akaambiwa imepasuka, akasema ilikuwa ya babu yake Shahat.

Mngetarajia kwamba mwanamke yule, aliyetaka kumulika kila kitu, angedai jembe siku ile ile. Hakudai. Hajati alimwambia, "Ningekuonyesha kaburi lake, lakini wanangu wataniuliza, na wakijua ndugu yao yuko wapi..." na Labiba akamkatiza, "Usinionyeshe, Hajati. Mimi nimeshaamini." Jumamosi iliyofuata alimwita Abuna Yuannis akamwambia aje kunyanyua mkeka. Abuna akaja mbio, akauliza, "Umeona nini?" "Sijaona kitu, Baba. Nimeambiwa." "Umeambiwa! Miaka yote hii unanikatalia kuambiwa!" "Nilikataa kuambiwa na mtu asiyepoteza kitu. Yule ofisa alisema, akafunga ofisi, akaenda kula. Huyu akisema anapoteza kaburi la mwanawe, na labda na wanawe walio hai, na bado amesema, akataja na kitu ambacho vidole vyangu tu ndivyo vinavyokijua. Kwani mitume walikuwaje? Wangenyamaza wangezeeka vizuri nyumbani kwao. Hakuna aliyewalipa." Abuna anasema amehubiri Pasaka zaidi ya thelathini na hajawahi kuhubiri hivyo. Akasali, akanyunyiza maji, mkeka ukanyanyuliwa, na Labiba akamlilia Wadia kwa sauti kubwa, kilio cha msiba mbichi, hata majirani wakaja kuuliza nani amekufa.

Tangu siku ile hakusema tena "Wadia akirudi", alisema "Wadia akifufuka", na alilisema kama mtu anayesema Jumapili ikifika. Kila sikukuu, yetu na yao, alivuka mto na mikate na tende akawagawia maskini mbele ya kaburi kwa ajili ya Shahat, na Hajati Nabawia alifanya vivyo hivyo kwao kwa ajili ya Wadia, kila mmoja akimtunzia mwenzake, bila mtu wa tatu kujua nia yao. Walionana uani tu, mayai yakiwa katikati yao.

Lakini siri hii haikukaa kimya. Mwaka 2013, wakati hofu ilipokuwa kila mahali, Labiba aliamka akakuta mlango wake umeandikwa kwa mkaa, "Tunajua mna nani kule." Nargis akafuta, kesho yake maneno yakarudi, na hadi leo hatujui mkono ulioyaandika, kama ni wa kule au ni wa hapa hapa kwetu. Baadhi ya wanafamilia walishauri mifupa itolewe kimya kimya ikatupwe jangwani, na Labiba, aliyekuwa na zaidi ya miaka sabini, aliwafukuza kwa ufagio, akiwapigia kelele, "Mama yake ananitunzia wangu, mimi nimtupe wake? Tokeni kwangu!" Waliotoka mbio wanajijua.

Mwaka 2016 figo zake zilianza kushindwa kazi, akawa anapelekwa Minya mjini kusafishwa damu kwa mashine, na aliyaona mengi kwenye kiti cha mashine hiyo bila kulalamika, ila chai isiyo na sukari ndiyo aliyoilalamikia. Januari mwaka huu, 2019, Hajati Nabawia alifariki. Baada ya siku chache mkaza mwana wake mmoja alikuja nyumbani kwetu, amejifunika uso, akasimama kizingitini akasema, "Hajati aliwaambia wanawe wote kabla hajafa. Amesema siku utakayovushwa wewe na kaburi likafunguliwa, watakuja na wako, wamchukue wao." Akaondoka bila kunywa maji. Familia tulishikwa na woga, tukamwambia, "Mama, wanaume wale wamejua jana tu kwamba ndugu yao alizikwa na Wakristo, hatujui wamelipokeaje, nawe unamwamini mtu hata jina hatumjui?" Akasema, "Namwamini Nabawia." "Nabawia amekufa, Mama!" "Ndiyo amekufa, na nani alimlazimisha kusema kabla hajafa? Angeweza kwenda nalo kaburini akaacha wanawe wametulia." Tulibishana naye wiki nzima. Alituchoka, akageukia ukutani, na ndipo alipoagiza isomwe historia hii.

Ijumaa Kuu aliletwa hapa kwenye kiti, mliomwona mlimwona, na Jumapili ya Pasaka hakuweza tena kuinuka. Jana, Jumatano tarehe 1 Mei 2019, kulipopambazuka, Nargis aliingia na salamu ya wiki hii, "Kristo amefufuka, Mama," naye akaitikia, "Kweli amefufuka, Nargis, hebu nikande miguu," na Nargis akiwa anaikanda mama yake alikata roho. Tulituma habari Kom al-Tarfa kwamba marehemu atavushwa leo. Jibu halikuja. Walikuja wao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimtilia sukari kwa kificho, inamshukuru Abuna Yuannis aliyeibeba siri nzito tangu ndevu nyeusi hadi nyeupe, inawashukuru majirani, wale waliokuja na wale walioiogopa nyumba yake pia, kwa kuwa leo wamekuja, inawashukuru wanawake wote waliomuuzia mayai wakamvumilia, na inamshukuru kwa namna ya pekee Hajati Nabawia wa Kom al-Tarfa, ambaye hakuna mtu wa kumfikishia shukrani hizi isipokuwa wanawe, na wanawe ndio wale.

Askari hatukuwaita. Msomaji huyu anaogopa, hafichi. Chini ya lile blanketi kuna nini hatujui, wengine mnasema ni bunduki, Labiba angesema ni mwanawe, tena angesema mnabishana nini, si mwende mkatazame. Basi tunakwenda. Nargis atatangulia mbele ya jeneza peke yake, mtu yeyote asishike fimbo wala jiwe, na anayetaka kubaki abaki, hatutamlaumu, ana watoto. Pumzika, Labiba binti Bishai, zamu yako ya kuuliza imekwisha na sasa ni yetu. Fungueni mlango.